Kocha Asiyekuwepo Jumamosi

Mimi ndiye niliyeihamisha fainali ya mpira ya shule za sekondari kutoka Jumapili kwenda Jumamosi. Sikuwa na cheo chochote cha michezo. Hata kwenye timu nilikuwa golikipa wa akiba, maana yake nilikuwa mtu wa kukaa pembeni na kuhakikisha machungwa ya mapumziko hayabaki. Lakini mtu mzima aliniuliza swali, nikamjibu kwa kujiamini sana, na kwa jibu lile shule yetu ikampoteza mwalimu bora kuliko wote niliopata kuwaona. Anayetaka kunicheka aanze sasa hivi, maana huko mbele nitakuwa na kazi ya kuwakasirikia wengine na sitakuwa na nafasi.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa foleni. Ukikuta watu wamepanga mstari, ulisimama kwanza nyuma yao, ndipo ukauliza kinachotolewa. Shule yetu ilikuwa ya bweni, nje kidogo ya mji wa Musoma, na kwetu ni Nyasho, hapo hapo mjini. Mimi nilikuwaga mtu wa nyumbani tangu tumboni. Wenzangu waliugua malaria. Mimi niliugua Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho tumbo lilinikata, mwalimu wa zamu akanionea huruma, nikaondoka nimejikunja, na nikishaiona sufuria ya mama tu, nimepona. Jumapili mchana nilirudi shuleni kwa sababu kulikuwa na mazoezi. Kwa hiyo mambo ya shuleni siku ya Jumamosi, nani yupo na nani hayupo, mimi nilikuwa siyajui kabisa, na wala sikuwahi kuuliza.

Mwalimu mwenyewe tulimwita Kocha. Katika mkoa wetu ukisema "Mwalimu" peke yake watu wanageuka kuangalia upande wa Butiama, na neno hilo lina mwenyewe. Kocha alifundisha jiografia. Alikuwa mrefu, mwembamba, miguu kama ya korongo, na baiskeli ya Kichina aliyoitunza kuliko sisi. Mama yake aliishi Suguti, peke yake, macho yamepungua, na alishakataa kuhama pale hata kwa kubebwa. Kila Ijumaa mchana Kocha alibana suruali kwa kamba, akafunga mfuko wa unga nyuma ya baiskeli, akapotea njia ya Suguti. Sisi tulisema, mtoto mwema huyo, anakwenda kwa mama yake. Na kweli alikuwa anakwenda kwa mama yake. Ila hiyo ilikuwa nusu ya habari.

Shule nzima ilikuwa na mpira mmoja. Kocha aliulaza chini ya kitanda chake. Ulipochanika aliushona kwa uzi wa nyavu, na ili ngozi isikauke aliupaka mafuta ya samaki, kwa hiyo mtu akipiga kichwa alinuka sangara hadi darasani. Wenzetu wa shule nyingine walisema timu yetu mtu anaweza kuifuata gizani. Na ili mpira usiishe haraka, Kocha alikuwa na utaratibu ambao mpaka leo nikiusimulia watu wanadhani natania: tulifanya mazoezi bila mpira. Siku nyingi za wiki mpira ulibaki chini ya kitanda na sisi tuko uwanjani kumi na moja kwa kumi na moja, tukicheza mpira ambao haupo. Kocha anakimbia katikati na filimbi, anafoka, "Pasi! Pasi hiyo, wewe! Umeiona inakwenda wapi? Imetoka nje hiyo!" Na mtu aliyetoa pasi ya hewa nje ya uwanja anakwenda kweli kuufuata mpira wa hewa na kuurusha. Winga wetu wa kushoto alikuwa hodari wa mpira huo kiasi kwamba mara mbili tuligombana kama lilikuwa goli au si goli. Mimi nilikuwa langoni siku zote mbili, na bado nasema niliudaka.

Tulimpenda. Sabuni ilipokosekana kabisa alifua jezi zetu mwenyewe kwa majani ya mpapai, akazianika kwenye michongoma. Lakini alikuwa mtu wa kukera pia. Hanywi chai. Hanywi kahawa. Ukimpelekea soda ya sherehe anaiuliza maswali. Na bwaloni tukipikiwa kambare, ambaye sisi wa ziwani tunamwita mumi, Kocha alisogeza sahani yake kwetu na kusema, "Kuleni, ninyi mnakua." Mtoto yeyote wa kando ya ziwa, hata aliyezaliwa juzi, anajua maana ya mtu mzima kukataa samaki asiye na magamba. Mimi nilikula kipande chake na kufikiri: ukarimu ulioje.

Mwaka ule tulifika nusu fainali, ikachezwa Butiama, siku ya Jumapili. Tukashinda mabao matatu. Kocha alikuwa upande wa pili wa uwanja anamfunga beki wetu kitambaa kwenye goti, na mimi nimekaa na mabegi, sina jasho hata tone. Akaja Bwana Michezo wa mkoa, mtu wa tumbo na mwenye heshima zake, ambaye ndiye aliyekuwa anapanga tarehe na magari.

"Kijana," akasema, "fainali nimeipanga Bunda, Jumapili ijayo. Lakini roho inanisuta. Leo nimewakosesha watu kanisa. Huyu kocha wenu ni mtu wa kusali?"

"Sana, mzee," nikasema. "Huyo hata chai hanywi."

"Kumbe!"

"Ni mtu wa Mungu kabisa. Kumkosesha ibada wiki mbili mfululizo, mzee, sijui."

Bwana Michezo akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Umefanya vizuri kuniambia. Basi tumheshimishe. Tutacheza Jumamosi."

Nikamwambia asante. Nilimwambia asante, jamani! Nikarudi kwenye lori nikijiona mtu mkubwa, na njia nzima sikumwambia mtu, nikitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Ilishtukiza. Kesho yake mkuu wa shule alitangaza mstarini kwamba fainali ni Jumamosi, na nikaona safu nzima ya wachezaji wanageuka kumwangalia Kocha, na Kocha anaangalia bendera. Nikamuuliza winga aliyekuwa mbele yangu, "Kwani kuna nini?"

"Kuna nini? Kocha Msabato, wewe!"

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa! Wewe unakulaga mumi wake bure mwaka wa tatu huu, ulidhani anafunga?"

Hapo ndipo tumbo liliponikata kweli, na ilikuwa Jumatatu.

Jambo lingekuwa dogo kama mkuu wetu wa shule asingekuwa na kinyongo chake. Alikuwa mtu wa Jumamosi. Mahafali aliyaweka Jumamosi, usafi wa jumla Jumamosi, wageni wa wizara Jumamosi, na kila mara kiti cha Kocha kilikuwa kitupu. Safari hii alimwita ofisini, na kwa kuwa dirisha lilikuwa halina kioo tangu mvua za mwaka uliotangulia, sisi tuliokuwa tunafyeka majani pale nje tulisikia yote.

"Mgeni rasmi akiniuliza kocha wa timu yuko wapi, nimjibu nini? Amelala?"

"Mwambie anasali, mkuu."

"Nimechoka kuwaambia watu unasali. Sikiliza. Usipokuwa uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho, wewe ni wa Kisorya. Kuna sekondari mpya kule wanaomba mwalimu, haijaezekwa hata nusu. Mtasali mkiwa mnaangalia mawingu."

Kisorya ni mwisho wa barabara. Mbele yake ni maji na kivuko cha Ukerewe. Kutoka pale hadi Suguti kwa baiskeli, kwa vumbi lile na mashimo yale, mtu angefika kwa mama yake amebaki nusu. Na mama asingehama. Sote tuliacha kufyeka.

Jioni nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta mlangoni ameupakata mpira, anaushona.

"Kocha, ni mimi niliyemwambia Bwana Michezo."

"Najua. Amenipongeza kwamba nina kijana mmoja mcha Mungu sana." Akavuta uzi kwa meno. "Kwa hiyo ulidhani mumi nakuachia kwa upendo?"

"Ndiyo, Kocha."

Akacheka hadi mpira ukamdondoka. Sikupenda. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nimevaa hata kaptula mbili, na mtu ananicheka.

"Sasa si uje tu, Kocha? Jumamosi moja. Mungu ataelewa."

"Mungu labda," akasema. "Mama yangu wa Suguti, hapana."

Kesho yake mimi na kapteni tukaenda mjini kwa Bwana Michezo kuomba airudishe fainali siku yake. Alitusikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Ninyi watoto mnanichezea? Nimehamisha mechi kwa ajili ya Mungu wenu. Sasa Mungu wenu naye kahama?"

"Hapana, mzee, ni kwamba huyu siku yake..."

"Kibali cha dizeli kimeandikwa Jumamosi! Mnajua nimekipataje? Nikirudi kule mara ya tatu wataniuliza kama naipikia hiyo dizeli. Tokeni hapa. Na wewe," akanielekezea miwani, "safari nyingine ukiulizwa kitu, sema hujui."

Ni ushauri mzuri. Nimeufuata maisha yangu yote na umenisaidia sana.

Ikabaki Kocha mwenyewe atafute njia, na njia aliyoitafuta ilikuwa ya mtu asiyetaka kumkosea yeyote na kwa hiyo anamsumbua kila mmoja. Alitukusanya akasema Ijumaa hiyo haendi Suguti. Amemtumia mama salamu na unga kwa mtu wa kijijini. Yeye atakwenda Bunda kwa baiskeli, afike kabla ya jua kuzama, na Jumamosi atasali na ndugu zake wa Bunda, ambao kanisa lao liko karibu na uwanja. Jua la Jumamosi likizama, Sabato imekwisha, atatembea mwenyewe hadi uwanjani.

"Mkiwa bado mnacheza," akasema, "nitakuwa nimekuwepo."

"Kwa hiyo tuchelewe, Kocha?" kapteni akauliza.

"Mimi sijasema mchelewe. Mimi nimesema jua likizama."

Winga akanyoosha mkono kama darasani. "Kocha, likiingia nyuma ya wingu?"

"Limejificha. Halijazama."

"Na likishakuwa jekundu?"

"Jekundu ni rangi."

"Lakini Kocha, si ulitufundisha kuna sehemu jua linazama saa tisa?"

"Zipo, huko kaskazini kabisa, wakati wa baridi. Nilifundisha, nikatoa mtihani, ukapata sifuri. Bunda iko karibu na ikweta, bwana. Litazama kama lilivyozama jana."

Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Tukakaa bwenini bila yeye tukapanga. Mechi ilikuwa ianze saa kumi alasiri, na kwa kawaida ingekwisha jua likiwa bado linaunguza. Kwa hiyo yalihitajika mambo mawili. Kwanza, mechi ichelewe kuanza. Pili, iishe sare, ili ziongezwe dakika, na zikiisha hizo ije penalti, na hadi penalti ziishe hata jua la uvivu litakuwa limezama. Kazi ya pili ilikuwa ya wachezaji. Kazi ya kwanza, kwa kura zote, nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa na deni na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine.

Jumamosi lori likatushusha Bunda na ule mpira wetu, ambao ndio uliokuwa mzima peke yake katika mashindano yale; wa wapinzani wetu, vijana wa huko huko Bunda, ulikuwa umepasuka. Mimi nilikaa nyuma ya lori nikautoa upepo wote taratibu, nikaikunja sindano ya pampu kwa jiwe, halafu nikaenda kwa Bwana Michezo na uso wa msiba.

"Mzee, mpira umelala. Na sindano imepinda."

Uwanja ulikuwa umeshajaa. Mgeni rasmi ameshakaa kwenye kiti chenye kitambaa. Bwana Michezo aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaagiza nipelekwe mbio kwa fundi baiskeli wa mtaa wa Manyamanyama. Tukakimbia. Kufika, mlango umefungwa.

"Hafungui huyu leo," mama wa jirani akasema. "Ni Msabato. Mpaka jua lizame."

Karibu nimbusu. Nilirudi kwa hatua za madaha, nikiwa nimeshatunga jinsi nitakavyomweleza Bwana Michezo, na hapo sokoni akaniita mzee mmoja wa kofia nyeupe aliyekuwa na pampu mbili zimesimama kando yake kama askari.

"Kijana! Wanasema mpira una matatizo. Lete hapa."

"Usisumbuke, mzee. Leo mafundi wanasali."

"Wanasali wao," akasema, akininyang'anya mpira. "Sisi yetu ilikuwa jana."

Akaninyooshea sindano, akautia upepo, akaubonyeza, akaona mshono umelegea akauongezea pini mbili ambazo hakuna aliyemwomba. Halafu akafunga kazi yake na kunisindikiza uwanjani, anautunza mpira mwenyewe kwapani, anauliza timu yangu ni ipi ili aishangilie. Katika nchi nzima ya uhaba, siku ile Bunda ilikuwa na fundi wa ziada. Nilimshukuru kwa sauti ambayo sidhani kama ilimshawishi.

Tulipata kuchelewa kidogo, lakini si kama tulivyotaka. Ikabaki sare.

Sijui kama umewahi kuona timu nzuri ikicheza ili isishinde. Ni kazi ngumu na inatia aibu. Vijana wetu walifika langoni mwa wapinzani, wakasimama, wakafikiri, wakaurudisha mpira nyuma hadi kwa golikipa, ambaye siku hizo alikuwa anaruhusiwa kuudaka, akaukumbatia kama mtoto mgonjwa. Wapinzani wakaanza kuogopa. Walikuwa wamesikia habari za Butiama, na sasa wanaona watu walewale wanawakwepa. Wakaamini kuna mtego, wakarudi wote nyuma kulinda. Kwa hiyo pakawa na timu mbili, kila moja iko kwake, na mpira katikati unanuka sangara peke yake. Watu wakazomea. Mkuu wetu wa shule alikuwa amesimama mbele ya mgeni rasmi anapunga mikono, "Mbele! Nendeni mbele! Mna nini leo?" Yule fundi wa kofia nyeupe aliniuliza kama hii ndiyo timu niliyomwambia aishangilie.

Mimi sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa nimeugeuzia uwanja mgongo, naangalia jua. Sijapata kuchukia kitu kama nilivyolichukia jua lile. Lilikaa pale pale.

Dakika zikaisha, suluhu. Wachezaji wetu wakakumbatiana, na watu wakauliza hawa wanafurahia nini. Zikaanza dakika za nyongeza. Jua likawa jekundu, ambayo ni rangi tu, likashuka likagusa miti. Kutoka kanisani ng'ambo ya uwanja tukasikia wanaanza kuimba nyimbo za kufunga Sabato. Nilijua Kocha yuko mle ndani, amevaa tai yake ya kijani, miguu haitulii. Kapteni alinipungia mkono. Nikamwonyesha kwa vidole: kidogo tu, kidogo tu. Sasa hata Mwenyezi Mungu angetaka kutunyima asingeweza. Zilibaki dakika chache za kurudisha mpira nyuma, halafu penalti, na Kocha anaingia na kiti chake kinamsubiri.

Hapo beki mmoja wa Bunda, kwa kuchoka na kuchanganyikiwa, akatoa pasi kwa mtu asiyekuwepo. Mpira ukamkuta winga wetu wa kushoto.

Nimemsamehe. Nasema nimemsamehe, lakini nikikutana naye mjini hadi leo namwambia, na yeye hadi leo anainama. Kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuupiga nje, na kichwani alijua kabisa autupe nje, lakini miguu ilikuwa imefanya zoezi lile kwa miaka mitatu na mpira wa hewa, na sasa imepewa wa kweli. Akamwacha wa kwanza. Akamwinamisha wa pili upande ambao hakuwa anakwenda. Kapteni akapiga ukelele, "Acha! Acha, wewe!" na wapinzani wakasimama wakidhani refa ameambiwa kitu. Winga akafunga kona ya mbali, chini kabisa, goli ambalo golikipa wa kwanza asingelidaka, sembuse mimi.

Uwanja wote ukalipuka, isipokuwa sisi. Winga alisimama ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyevunja chungu cha mama yake. Tukajaribu kujifunga wenyewe, nakuapia, beki wetu aliupiga kuelekea langoni kwetu, na golikipa kwa mazoea mabaya akaudaka. Refa akaangalia saa. Filimbi ya mwisho ikalia wakati jua limebakiza ukingo mwembamba kama kucha, na nyimbo bado zinasikika.

Tukawa mabingwa. Tukakaa chini tukalia.

Kocha alitokea nyuma ya nguzo za lango baada ya muda mfupi tu, anatembea haraka bila kukimbia. Akatukuta tumekaa na kikombe katikati yetu kama maiti.

"Mmefungwa?"

"Tumeshinda, Kocha," kapteni akasema, makamasi yanatoka.

"Sasa mnalia nini?"

Mkuu wa shule akasogea, na namsifu kwa jambo moja, hakuwa na furaha usoni. "Filimbi imeshalia, Mwalimu," akasema.

"Nimeisikia, mkuu," Kocha akasema. Halafu akamgeukia winga, kana kwamba hakuna jambo jingine duniani. "Umefunga wewe?"

"Nisamehe, Kocha. Nilisahau."

"Kona ipi?"

"Ya mbali."

"Chini?"

"Chini, Kocha. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Si ndiyo kazi niliyokupa?" Na akamshika kichwa kile kinachonuka samaki akakikumbatia, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa furaha kabisa. Nilitaka kumpiga. Mtu amepoteza shule, amepoteza njia ya kwenda kwa mama yake, na anauliza kona ipi!

Mkuu wa shule aliyatimiza maneno yake. Muhula ulipofungwa Kocha alifunga ramani zake kwenye baiskeli akaenda Kisorya. Mama yake hakuhama. Na yule mtu aliendelea kila Ijumaa, kutoka kule mwisho wa barabara hadi Suguti, miaka na miaka, akaanza kupinda mgongo juu ya usukani, hadi mama alipofariki.

Sisi tulishuka. Mwaka uliofuata tulitolewa mapema, na mwalimu tuliyepewa wa michezo aliugua kila tulipomhitaji. Nilimtambua mara moja kuwa ni mwenzangu. Kisorya walikuja juu. Wakati wa ruksa ulipofika, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mipira ikauzwa mtaani kama nyanya, jezi za mitumba zikaja na majina ya miji ambayo hata Kocha hakuwa nayo kwenye ramani. Mnunuzi mmoja wa sangara akataka kuipa timu ya Kisorya kila kitu, ili mradi wacheze Jumamosi siku anayokuja na magari yake na kocha awepo kupiga naye picha. Kocha akamwambia jezi zao za zamani bado zinafaa. Zilikuwa hazifai, niliziona. Na zile jezi zisizofaa zilikuja Musoma zikatufunga nyumbani kwetu, siku ya Jumamosi, benchi lao likiwa halina mwalimu hata mmoja.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, soko la Bunda, ananunua uzi wa nyavu wakati mipira mipya imening'inia juu ya kichwa chake. Nikaanza pole yangu niliyokuwa nimeiandaa kwa miaka. Akanikatisha. "Pole ya nini, bwana? Kisorya kuna watoto wana miguu! Njoo uwaone." Sikwenda. Ni mbali, na mimi nakujua kwangu. Alipofariki tulimzika Suguti. Nilipopewa habari niliuliza mara mbili ni siku gani, kisha nikamuuliza na mtu mwingine, ndipo nikavaa viatu.

Sasa naishi Bunda, Manyamanyama ile ile ya fundi baiskeli. Nimefungua duka dogo barazani ili hata kazini nisitoke nyumbani. Jirani yangu ni muuguzi, mwanamke wa Kisorya, na juzi tu, baada ya kunitania miaka yote hii kwa kutotoka, ndiyo nikajua kwamba alifundishwa na Kocha kule, jiografia na netiboli, bila mpira siku nyingi. Nikaona hatimaye nimempata mtu wa kunielewa. Nikamsimulia yote, kuanzia Butiama, chai, kibali cha dizeli, fundi, winga, hadi filimbi, na nilipofika mwisho nikamwambia bado inaniuma, kwamba shule yetu haikuinuka tena, na kwamba kwa haki yule mtu alikuwa wetu.

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa.

"Kwa hiyo ninyi mlipataga kikombe, sisi tukapata mtu. Halafu unataka nikupe pole?"